Sukari ya Mama Codou

Absa Thiam akikata kona ya mtaa wao pale Kaolack, watu walikuwa wakificha sukari. Mzee Ousseynou, fundi cherehani, alikuwa akiusukuma mfuko wake kwa mguu hadi chini ya meza, na wale vijana wanaokaa kivulini tangu asubuhi hadi jua lichoke lenyewe walikuwa wakiikalia pakiti kama kuku wanaoatamia. Haikusaidia. Absa alikuwa akisimama mbele ya birika lao dogo la chai, anaweka mikono kiunoni, anainama kama daktari wa ng'ombe.

"Hicho mnachopika ni chai, au mnangoja kigande mfyatulie matofali?"

"Shangazi, leo tumepunguza."

"Mmepunguza chai."

Shangazi wa mtaa ndicho kilichokuwa cheo chake. Kila mtaa una wake: mwanamke mtu mzima, mwenye watoto wake, asiyeogopa mlango uliofungwa, ambaye zahanati humpa daftari, begi na mafunzo ya wiki mbili, kisha humwachia watu wake apambane nao. Zamani kazi ilikuwa wajawazito na chanjo. Siku hizi ilikuwa sukari. Alipoanza, miaka minane nyuma, nyumba nne kati ya thelathini na moja alizokabidhiwa zilikuwa na mgonjwa wa kisukari. Sasa zilikuwa kumi na saba, na hapo hajawahesabu wale wanaokataa kutoa kidole kwa madai kwamba damu yao haipendi wageni. Redioni, kila Alhamisi, sauti tamu ya mwanamke iliwasihi wananchi wapunguze sukari, halafu likafuata tangazo la juisi ya unga.

Mkuu wa zahanati, Latyr Faye, alikuwa Mserere, na Absa ni Mtukulori. Makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za mababu, na kila mmoja anaapa kwamba mwenzake ni mtumwa wake aliyetoroka.

"Mtumwa wangu umeamkaje?" Latyr alikuwa akimpokea kila Jumamosi, siku mashangazi wanapoleta madaftari.

"Nimeamka namtafuta bwana wangu, nikaambiwa yuko jikoni kwa watu anakomba sufuria."

Wote wanacheka, madaftari yanafunguliwa. Na Latyr, akifika kwenye daftari la Absa, alikuwa na neno lake moja asilolichoka: "Mwenyewe ni muongo kama kabila lake lote. Daftari lake ndilo halijui kudanganya."

Hilo neno, baadaye, Absa angelipa chochote lisiwe limewahi kusemwa.

*

Mambo yalianza na sungura.

Ramadhani haifiki nusu kabla mkazamwana anayejiheshimu hajapeleka sukari kwa mama mkwe wake. Hiyo ndiyo sukari ya mfungo. Si kikombe wala kilo. Ni beseni zima limepangwa likapangika, paketi za unga, maboksi ya vibonge, maziwa, tende, kitambaa cha kushona juu yake, limefungwa kwa nailoni inayong'aa na utepe, na linapita barabarani mchana watu wakiwa macho. Mama mkwe analipokea, analifungua mbele za watu, anaigawa ile sukari kwenye vifuko, na kila kifuko kinakwenda nyumba fulani na salamu: hii ni ya mkazamwana wangu. Asiyepokea hana cha kugawa. Na mama asiye na cha kugawa, mtaa unajua amepata mkazamwana wa namna gani.

Mwaka juzi Absa aliamua kuwa mfano. Hawezi, alijiambia, kuwakemea watu wa nyumba thelathini na moja kisha apite na beseni la sukari kichwani. Akampelekea mama mkwe wake, Mama Codou, beseni la karoti, matango, mtama, samaki wa kukausha, chupa mbili za mafuta ya karanga na kitambaa kizuri kuliko vyote. Akalifunga kwa utepe.

Mume wa Absa, Malick, ana dada yake mkubwa anayeitwa Seynabou, ambaye alirudi nyumbani kwa mama yao baada ya ndoa ya pili na kukuta kiti chake bado kinamngoja. Seynabou alilizunguka lile beseni mara mbili. Akalichungulia. Akasema taratibu, kwa sauti ya kuwafikia majirani, "Mama, pokea. Sungura ameleta posa."

Kwa miezi kumi na moja Absa alikuwa Mama Sungura. Dukani, Mama Sungura. Kwenye arusi ya mpwa wa mumewe mtu alimpa karoti. Absa aliyapokea yote na kuyarudisha na riba, maana ulimi alikuwa nao. Lililomshinda ni jingine. Wiki moja baada ya Idi, Mzee Ousseynou alimsimamisha amshukuru kwa sukari.

"Sukari gani, mzee?"

"Uliyompelekea mama mkwe wako. Nilipata kifuko. Nilidhani utanigombeza kwa kuila, kumbe umeileta mwenyewe." Akacheka hadi miwani ikateleza.

Ndipo Absa alipojua. Mama Codou, mjane wa mpima karanga, mwanamke wa miaka sitini na saba asiyekuwa na pato la maana, alikuwa amejinunulia sukari mwenyewe, akaigawa nyumba kwa nyumba, akasema imetoka kwa Absa. Hakuwahi kulitaja. Hakuwahi hata kukunja uso. Absa alitamani angetukanwa.

*

Mwaka uliofuata, mwezi wa Shaaban, zahanati iliagiza kila shangazi apime watu wake wote wazima kabla ya mfungo. Wenye sukari iliyozidi gramu mbili kwa lita ya damu, ilhali ya kawaida ni moja hivi, wataitwa na Latyr, wataelezwa wasifunge, wataanza dawa. Ilikuwa kazi nzuri na Absa aliifanya kwa mikwara yake yote. Jumanne asubuhi akaingia kwa Mama Codou.

"Nipime upesi," Mama Codou alisema akimnyooshea kidole, "nina maharage motoni na hako kamashine kako kanapenda kufikiri."

Kamashine kalifikiri sekunde tano. Kakasema mbili nukta tisa.

Absa alikaangalia. Akauangalia mtungi wa maji uliokuwa karibu na kitanda, na kikombe juu yake, na akakumbuka kwamba tangu miezi kadhaa Mama Codou alikuwa akisimama katikati ya mazungumzo kwenda msalani, na kwamba kanga aliyokuwa akiifunga mara moja sasa ilimzunguka mara moja na nusu. Aliyajua yote hayo. Alikuwa akiwafundisha watu yote hayo, kwa mchoro.

"Kanasemaje?" aliuliza Mama Codou.

Hapo Absa alikuwa na muda wa pumzi moja, na katika pumzi hiyo alimsikia Seynabou. Si kwamba Seynabou alikuwepo, alikuwa sokoni. Lakini alimsikia waziwazi: *Mwaka jana alileta majani akasema ni ya afya. Mwaka huu anamgonjwesha mama kwenye daftari ili asilete kabisa.* Na mtaa ungeamini. Mtu aliyekwisha kuleta karoti anaaminiwa ubahili wa kila aina. Na Mama Codou angesema tu, "Haya mwanangu," na angekwenda tena kimyakimya kujinunulia zawadi yake.

"Nzuri, Mama," Absa alisema.

"Nilijua. Sisi kwetu hatuna hayo."

Akaandika. Moja kamili asingeweza. Mwanamke wa miaka sitini na nane mwenye sukari ya moja kamili angefuatwa na watu wa redio. Akaandika moja nukta moja, kwa mwandiko wake mzuri wa shule, na akapiga mstari chini yake kama alivyowapigia wengine wote. Alijiambia ni mwezi mmoja tu. Baada ya Idi atampima upya, atashtuka mbele za watu, na atampeleka mwenyewe kwa Latyr akiwa amemshika mkono. Hata huo mshtuko aliufanyia mazoezi njiani akirudi kwake, nyumba tatu tu.

Jumamosi Latyr aliukunjua ule ukurasa. "Mama mkwe wako moja nukta moja? Kumbe Watukulori mnajua kuchagua pa kuolewa." Absa alimjibu jambo, watu wakacheka. Hakumbuki alijibu nini.

*

Siku ya tisa ya mfungo, saa tisa mchana, beseni lilipita.

Kilo kumi za unga, maboksi sita ya vibonge, maziwa ya kopo, tende za Tunisia, chupa za sharubati ya ubuyu, kitambaa cha zambarau. Absa alilipandisha kwenye mkokoteni wa farasi ili hata wanaosinzia wasikie kwato. Alipita mbele ya Mzee Ousseynou, ambaye aliuvuta mfuko wake kutoka chini ya meza akauweka juu, wazi. Alipita mbele ya vijana wa chai, waliokaa kimya kwa adabu ya saumu, isipokuwa mmoja aliyesema polepole, "Shangazi, hayo matofali ya nyumba ya ghorofa ngapi?" Absa alimhimiza farasi aendelee. Ilikuwa mara ya kwanza mtaa mzima kumwona akikosa jibu, na walidhani ni unyenyekevu.

Seynabou alilizunguka beseni mara mbili, kama desturi yake. "Wifi," alisema hatimaye, "naona sungura amehama."

Mama Codou alilia. Alilia kidogo tu, kwa jicho moja, huku jingine likihesabu maboksi. Jioni ile, adhana ilipolia, alijitilia kahawa mbele ya wote, akadondosha vibonge vinne, akakoroga kwa sauti. "Hii ni ya Absa," alisema. Akanywa. Na kila jioni baada ya hapo ilikuwa hivyohivyo, maana Absa na Malick walikuwa wakifuturu pale: vibonge vinne, kijiko kikigonga kikombe, "Hii ni ya Absa," na Absa ameshika tende mdomoni haiteremki wala haitoki.

"Mama, punguza kimoja," alithubutu siku moja.

"Nipunguze heshima yako?"

Malick alicheka. Mtu mpole, fundi wa kuchomelea vyuma, asiyetaka ugomvi akiwa na njaa. "Mwache mama afurahi, shangazi wa mtaa. Zahanati imefungwa saa hizi."

*

Siku ya kumi na saba ya mfungo, dakika chache kabla ya adhana, Seynabou alikuwa akipitisha chetezo chumbani ili udi ukae kwenye mapazia. Kaa moja lilidondoka mkekani. Hakuliona. Mama Codou alikuja kutoka uani, miguu mitupu, akasimama katikati ya chumba akimweleza Malick habari ndefu ya binamu yao na mbuzi wa watu.

Absa alikuwa akimimina kahawa. Alisikia harufu.

"Nani anachoma nyama kabla ya adhana?" alisema. "Watu hawana haya."

"Labda kwa Ousseynou," Seynabou alisema.

Mama Codou aliendelea na mbuzi. Alikuwa amefika mahali ambapo mbuzi anaingia msikitini. Absa akageuka acheke pamoja na wengine, na akaona uzi mwembamba wa moshi ukipanda kutoka chini ya mguu wa kulia wa mama mkwe wake, ukipita kifundo kama ushanga.

Walipomkalisha na kuugeuza mguu, kaa lilikuwa limeganda penye kidole kidogo na jirani yake. Mama Codou aliutazama kama mguu wa jirani.

"Tazama," alisema, akicheka. "Umekuwa mgumu kama kiatu."

Seynabou alikuwa akilia na kujitukana kwa sababu ya chetezo. Malick alikuwa akitafuta maji. Absa alikuwa amepiga magoti, ameshika ule mguu, na kati ya wote waliokuwa chumbani ni yeye tu aliyejua kwamba mguu usiosikia moto haujawa mgumu, umekufa ganzi kwa sukari. Alikuwa na mchoro wake kwenye begi.

Asubuhi walikwenda zahanati, Absa, Seynabou na Mama Codou. Latyr aliukagua mguu, akabonyeza hapa na pale, akakunja kipaji.

"Hapa unasikia?"

"Nasikia," alisema Mama Codou, ambaye alikuwa akiangalia uso wa Latyr na kujibu kwa kukisia.

"Ningekupima sukari, mama, lakini vijiti vya kupimia vimekwisha. Wametuahidi baada ya Idi. Mtumwa wangu, lete daftari." Akalifungua, akapitisha kidole, akaukuta mstari. Kipaji kikakunjuka. "Moja nukta moja, wiki nne zilizopita. Basi huu ni moto tu. Ingekuwa sukari iko juu, ningekupeleka hospitali ya mkoa leo hii, maana kidonda cha mguu na sukari haviishi nyumba moja. Lakini kwa damu hii, tutasafisha, utameza vidonge, utarudi Jumatatu."

Kwenye begi la Absa, ndani ya kikopo cha pipi za koo, kulikuwa na vijiti vinne. Alikuwa amekibana kile kikopo kwa kiwiko. Alifungua mdomo.

Seynabou alimtazama. "Wifi, umemeza nzi?"

Akaufunga.

Siku nne alikuwa akienda asubuhi na jioni kumbadilishia bandeji. Hakumpima. Kupima ni kwa asiyejua. Alinunua dawa bora ya kusafishia, alipika supu, alimkataza kutembea, aliwaambia watu waliokuja kumpa pole wasikae sana. Alifanya yote yanayofanywa na mtu mwema. Siku ya kwanza kidonda kilikuwa chekundu, ya pili kikawa na maji, ya tatu akabadilisha bandeji haraka bila kukitazama. Siku ya nne aliifungua na harufu ikamfikia kabla ya macho. Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Mama Codou alikuwa akitetemeka ndani ya mablanketi mawili, kwenye joto la Kaolack linalomfanya mbwa avue ngozi.

"Ile sukari yako bado ipo," Mama Codou alimwambia, meno yakigongana. "Seynabou asiimalize."

*

Hospitali ya mkoa kulikuwa na daktari kijana, mwanamke, mwenye macho ya mtu aliyefunga na kukesha. Latyr alikuja na pikipiki yake, amevaa shati la msikitini, amebeba daftari la Absa kwapani. Mashine ya hospitali ilikuwa imesema nne nukta sita.

"Ana kisukari?" daktari aliuliza.

"Hana," alisema Malick.

"Hatuna hayo," alisema Mama Codou kutoka kitandani.

Latyr alifungua ukurasa. "Wiki nne na siku kadhaa nyuma alikuwa na moja nukta moja."

Daktari alifikiri. "Basi hii imepandishwa na homa na kidonda. Hutokea. Itashuka. Nampa dozi ndogo, namwekea dawa ya mshipa, tusubiri siku mbili tuone vidole kabla sijamwita daktari wa upasuaji. Lakini nina uhakika gani na hii namba? Ameipima nani?"

"Huyu," Latyr alisema, na akamwelekeza Absa kwa kidevu, kwa fahari. Hata pale, kando ya kitanda, alishindwa kujizuia. "Ni Mtukulori, mwenyewe ni muongo. Ila daftari lake halijui kudanganya."

Absa aliziona siku mbili zile zikipita mbele yake, moja baada ya nyingine, na weusi ukiupanda mguu pamoja nazo.

"Ilikuwa mbili nukta tisa," alisema.

Hakuna aliyeelewa. Daktari alisema, "Nini?"

"Namba. Ilikuwa mbili nukta tisa. Niliandika nyingine. Na kiu anayo tangu mwaka jana mwishoni, na kukojoa, na amekonda. Na siku ya zahanati nilikuwa na vijiti." Akafungua begi, akatoa kikopo cha pipi, akakiweka juu ya kitanda penye miguu. "Hivi hapa. Vinne."

Daktari hakupoteza muda wa kumchukia. Aligeuka, akaita jina la mtu koridoni, akaanza kutoa amri. Waliobaki ndio waliokuwa na muda. Malick alikichukua kile kikopo, akavihesabu vijiti, halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Kwa nini?"

Na hapo ndipo Absa, mwenye jibu la kila mtu, alipoona jinsi jibu lake lilivyo dogo. "Nilitaka kuleta sukari," alisema.

Vidole viwili vilikatwa jioni ileile. Daktari alisema siku mbili zaidi ungekuwa mguu hadi gotini. Absa alimfuata koridoni akamuuliza lile ambalo mtu mwenye akili haulizi: ingekuwa siku nne nyuma?

"Siku nne nyuma labda ningeosha tu," daktari alisema. "Sijui. Usiniulize tena."

*

Malick hakumpiga wala hakumtukana. Alilala kwa mama yake majuma mawili, akisema ni kwa ajili ya kumwangalia Seynabou asiwe peke yake, kana kwamba Seynabou ana mtu wa kumtisha. Idi ilipita. Absa alipika, akapeleka sahani, sahani zikarudi zimeoshwa.

Seynabou alimkuta siku moja kwenye lango la hospitali. Absa alisimama angoje tusi, na alilitaka.

"Nimelitunga wiki nzima," Seynabou alisema. "Zuri, refu. Kila nikianza nakumbuka chetezo kilikuwa changu." Akampokea kikapu cha supu. "Na sungura niliyeanza ni mimi. Pita, wifi, wanafunga lango."

Mama Codou alikuwa amekaa, mguu umefungwa kama mtoto mchanga. Absa alipiga magoti sakafuni. Alikuwa ameandaa maneno mengi, yakabaki mawili.

"Mama, nisamehe."

"Siku ile uliponipima niliona uso wako," Mama Codou alisema. "Nimezaa saba. Uso wa mtu anayeficha naujua hata gizani."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Useme ninaumwa, nikose sukari yangu? Mwaka ule mwingine nilijinunulia mwenyewe. Unajua uchungu wa kujinunulia zawadi yako na kujishukuru?" Akavuta shuka. "Basi nilinyamaza, nikala. Kahawa nilikoroga mimi."

Absa aliinua kichwa. "Kumbe Mama, sote wawili..."

"Hapana." Mama Codou alimkata bila hasira. "Usinigawie. Kahawa ni yangu, hiyo nitajibu mimi mbele ya Mungu. Ile kalamu ni yako. Sasa nipe supu, inapoa."

Kwa Latyr alikwenda siku madaftari yanapopelekwa, akiwa ameliosha begi na kulikunja ili alirudishe. Mashangazi wenzake walikuwa wameshasikia. Mji ule habari hupanda pikipiki. Latyr hakuinuka.

"Karibu, Bi Thiam," alisema.

Hakuna mtumwa. Hakuna sufuria. Absa alikuwa amejiandaa kwa kufukuzwa, hata kwa polisi, lakini hilo la kuitwa Bi Thiam lilimpata mahali pasipo na ngozi.

"Nikikuondoa," Latyr alisema, "nani ataingia zile nyumba? Wanakuogopa wewe tu. Na nikikubakisha, nitaamini nini ulichoandika? Nimekaa na swali hili tangu Idi." Akalifungua daftari. "Futa kwa mstari mmoja, namba ya zamani ionekane. Andika ya kweli pembeni. Weka jina lako na tarehe ya leo."

Aliandika. Latyr akasema huo ukurasa hautachanwa, na daftari ni lilelile atakalotembea nalo hadi liishe. Kisha akawageukia mashangazi wote. Kuanzia leo, alisema, mtu akipimwa, mashine inageuzwa kwake, anaisoma mwenyewe kwa sauti, na asiyejua kusoma anasomewa na jirani. Ndipo shangazi anaandika. Zahanati nyingine ziliipenda hiyo sheria zikaichukua. Wanaouliza imetoka wapi huambiwa ni utaratibu tu.

Nyumba thelathini na moja anaziingia bado. Vijana wa chai hawafichi tena pakiti. Wanaiacha wazi na kumtazama atasema nini. Husema, lakini si kama zamani. Husema jambo moja, hugeuza mashine, huandika, huondoka. Mwezi wa tatu baada ya Idi, Latyr alimtania kidogo, nusu sentensi, kisha akakumbuka akaacha.

Na kila Ijumaa asubuhi yuko kwa Mama Codou, kabla ya chochote kuingia tumboni. Humtia miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, lilelile lililobeba sukari, humkausha katikati ya vidole, humkata kucha taratibu. Ni nane. Kila wiki akifika ya nane mkasi hutaka kuendelea.

Halafu kidole, halafu kamashine, halafu sekunde tano. Mama Codou huvaa miwani ya marehemu mumewe, hukashika mwenyewe, hukasogeza mbali na karibu.

"Moja nukta sita," husoma, kwa sauti ya kufika kwa Mzee Ousseynou. "Andika."

Absa huandika.

"Umeandika?"

"Nimeandika, Mama."

Mama Codou humnyooshea mkono, kiganja juu, na miwani bado iko puani.

"Nionyeshe."